Simu Ndani ya Helmeti: Soma Hii Kabla Ununue Spika ya Nduthi

Jioni yoyote simama pale DO Kibera uangalie nduthi zikipita. Haitachukua dakika tano kabla uone dere amechomeka simu ndani ya helmeti. Simu imebanwa kati ya shavu na sponji, kamba ya kidevu imefunguliwa ndio simu ipate space, na msee anapiga kelele kaa anahubiri: "Niko hapa kwa reli! Reli! Wewe uko wapi?" Mkono uko kwa akseli, jicho liko kwa barabara, lakini akili yote imeingia kwa simu.

Tunacheka hii kitu na hata kuna memes zake. Lakini huyo msee hana upuzi. Yuko kazini, na kazi yake inaingilia kwa simu. Asipoishika, kastama anaita mwingine.

Ndio maana siku hizi mabeshte wengi wa nduthi wanauliza stori ya spika za helmeti. Kale kadude unabandika kando ya helmeti, spika mbili zinaingia ndani, maiki inakaa mbele ya mdomo, alafu simu inabaki mfukoni. TikTok inakuonyesha mzungu akipiga story na beshte yake wakishuka mlima Alps. Luthuli wanakuonyesha ya ngiri mbili na kitu. Swali ni, msee wa Laini Saba anunue gani? Na mimi naongeza lingine: anunue kwanza, ama kuna kitu inafaa inunuliwe kabla?

Tuanze na venye tulifika hapa. Laini Saba haina anwani kaa Kileleshwa. Kuna reli, kuna vichochoro, kuna choo ya kulipia, kuna kanisa, kuna duka ya Mama fulani. Vijana wa mtaa walianza kuchora Kibera kwa ramani ya OpenStreetMap mwaka 2009, chini ya mradi wa Map Kibera, juu kabla ya hapo ramani nyingi zilikuwa zinatuonyesha kaa msitu mtupu. Kazi safi sana hiyo. Lakini kastama akiweka pini kwa apu, hiyo pini inaweza angukia upande ule mwingine wa reli, na nduthi haiwezi vuka hapo. So dere anapiga simu. Ama kastama ndio anapiga, mara tatu, kila mara akiuliza "umefika wapi?" na dere yuko katikati ya Mbagathi Way na nganya mbili zinambana.

Ongeza na ile barabara mpya inayotoka Ngong Road kupitia Kibera hadi Lang'ata, ile watu walibomolewa nyumba Julai 2018 ndio ipite. Zamani ndani ya mtaa nduthi ilikuwa inatambaa juu ya mashimo. Siku hizi kuna lami na watu wanafungulia. Simu ndani ya helmeti ukienda pole pole kwa matope ni kitu moja. Simu ndani ya helmeti ukifungulia kwa lami ni kitu ingine kabisa.

Sheria inasema nini? Traffic Act, kifungu cha 103B, inataka dere wa pikipiki avae helmeti na jaketi ya kumetameta, na abebe abiria mmoja tu. Abiria pia anafaa kuvaa. Kwa zile faini ndogo za 2016, bila helmeti na jaketi ni shilingi 1,000. Kutumia simu ukiendesha ni shilingi 2,000. Cheki hiyo hesabu vizuri: serikali yenyewe imeweka bei ya simu mara mbili ya bei ya kichwa wazi. Na Seneta Boni Khalwale akaleta mswada wake wa pikipiki mwaka 2023, wa kusajili na kufundisha madere. Stori kwa redio ikawa vurugu na usajili. Hii ya dere kupigiwa simu na apu na kastama siku nzima, karibu hakuna mtu aliishika.

Tena usidhani ukiwa na spika karao hawezi kukusimamisha. Sheria inaongea kuhusu kutumia simu, na karao akiona mdomo unacheza na kataa inawaka buluu kando ya helmeti, mazungumzo yenu yatakuwa marefu. Hiyo ujue mapema.

Sasa mali yenyewe. Kuna ngazi tatu sokoni, na nitaanzia juu ndio tumalizane na ndoto haraka.

Juu kabisa kuna Cardo ya Israeli na Sena ya Korea Kusini. Hizo ndio wasee wa pikipiki kubwa wanavaa Jumapili wakienda Naivasha ama Magadi. Zinatumia teknolojia inaitwa meshi. Kwa Bluetooth ya kawaida, watu wanaunganishwa kaa mnyororo: wa kwanza na wa pili, wa pili na wa tatu. Mmoja katikati akipotea, mnyororo umekatika. Kwa meshi kila mtu ameunganishwa na kila mtu, so mmoja akisimama kununua mahindi, wengine wanaendelea na stori na yeye akirudi karibu anaingia mwenyewe. Cardo walileta hiyo kwa Packtalk mwaka 2015, watu hadi 15 kwa laini moja. Sena yao kwa kikundi inafika 24. Kitu tamu sana. Bei ya zile kubwa inapita dola 300 kwa kichwa kimoja, na hiyo ni kabla meli ifike na ushuru uchukue chake. Kwa hiyo pesa dere anaweza lipa deni ya nduthi wiki nyingi. Tusonge.

Katikati kuna za Wachina, EJEAS, FreedConn, Lexin na ndugu zao. Hizi zina intakomu ya ukweli, yaani helmeti mbili zinaongea bila simu na bila bando. Kwa boksi wataandika mita 1,000 ama 1,200. Hizo mita zilipimwa uwanjani, hakuna nyumba, hakuna lori, mnatazamana. Mawimbi ya Bluetooth hayapendi mabati na ukuta, na Kibera ni nini kaa si mabati na ukuta? Ukikata kona mbili, beshte yako ameisha. Kwa watu wawili kwa nduthi moja inafanya poa, juu umbali ni sentimita arobaini.

Lakini jiulize kwanza: intakomu ya kuongea na nani? Kastama wako wa kutoka Laini Saba hadi Kawangware 46 hana helmeti yenye spika. Mara nyingi hata helmeti ya kawaida amekataa kuvaa. Akitaka kushuka anakugonga bega. Bega ni ya bure, haitaki chaji, na haijawahi kataa kuunganika. Intakomu inaingia akilini kaa wewe na bibi yako huwa mnaenda ushago pamoja kwa nduthi, ama wewe na beshte mnabeba mizigo mbali na lazima mfuatane. Kwa dere wa steji, asilimia kubwa ya hiyo pesa inanunua kitu hatatumia.

Ngazi ya chini ndio yetu. Seti ya Bluetooth ya helmeti bila intakomu. Spika mbili nyembamba, maiki, betri, batani moja ama tatu. Hizi za bei ya chini ziko nyingi Luthuli na kwa maduka ya mtandaoni, majina yanabadilika kila mwezi na vitu ndani ni karibu zilezile. Hiyo inatosha kushika simu, kusikia Google Maps ikikuambia pinda kushoto, na kuskiza ngoma. Mimi kaa ningeulizwa na dere wa boda leo, ningemwambia achukue hii na pesa ingine ibaki.

Ibaki ya nini? Hapa ndio nimefika kwa ile kitu nilitaka kusema.

Helmeti. Madere wengi wana helmeti ya bei ya jioni, ile ukiikunja inakunjika, kioo kimechubuka hadi usiku taa za gari zinatokea kaa nyota. Mtu anataka kuweka spika ya elfu mbili na nusu ndani ya helmeti ya elfu moja. Ni kaa kuweka woofer kwa keja ya karatasi. Watafiti wa Cochrane walikusanya tafiti nyingi mwaka 2008 na wakaona helmeti inapunguza hatari ya kufa kwa karibu asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hiyo ni helmeti imefungwa vizuri, kamba chini ya kidevu imekaza. Hiyo ya simu kuchomekwa kando haiko kwa hizo hesabu. Ukianguka simu ndio inakutana na taya yako kwanza, alafu helmeti inaruka ikaenda zake juu kamba ilikuwa wazi. Mwaka 2024 NTSA ilihesabu watu 4,748 waliokufa kwa barabara za Kenya, na wasee wa nduthi ni kati ya wale wanaangukanga sana kwa hiyo orodha, pamoja na wanaotembea kwa miguu.

Ndani ya helmeti kuna ile povu nyeupe ngumu, inafanana na ile hupakiwa TV kwa boksi. Hiyo ndio inaokoa ubongo. Inapondeka ndio kichwa kisipondeke. Sasa kuna mafundi wa mtaa, watu wazuri tu wenye nia safi, wakiona spika haitoshei wanatoa kisu na kuchonga hiyo povu. Kataa. Spika inakaa kwa lile shimo la sikio nyuma ya kitambaa. Kaa helmeti haina hilo shimo, tafuta spika nyembamba ama badilisha helmeti. Usimwache mtu achonge povu ati ndio uskie bass.

Na kuna helmeti ya pili. Sheria inasema abiria avae. Kaa una elfu mbili na mia tano na una helmeti moja tu, sioni venye utaniambia spika ndio inakuja mbele. Najua jibu: "Kastama hata hawataki, wanasema imenuka, itaharibu braids." Ni ukweli, na manzi aliyelipa ngiri nne salon simlaumu hata kidogo. Lakini kofia nyembamba za kuvaa ndani ni za bei ya chini, na kitambaa kinaoshwa. Kuna madere wameanza na hizo na kastama wao wanawaitisha kwa jina.

Tuseme helmeti ziko mbili, ziko sawa, na bado una pesa. Ukifika dukani, vitu vya kuangalia ni hivi. Kwanza maiki. Kuna ya mkono mgumu wa kukunja, hiyo ni ya helmeti ya uso wazi ama ile inafunguka mbele. Kuna ya waya laini ya kubandika ndani ya kidevu, hiyo ni ya helmeti imefunga yote. Ukichukua mbaya, kastama atakuwa anaskia upepo tu. Ya pili, batani. Vaa glavu zako za baridi ama za mvua ndani ya duka, funga macho, jaribu kushika simu na kukata. Ukikosa ukiwa umesimama, utakosa ukiwa Ngong Road. Ya tatu, uliza kaa inashika simu yenyewe bila kubonyeza, na kaa hiyo inaweza kuzimwa. Nyingi za bei ya chini zinajishikia baada ya sekunde kadhaa. Inaskika poa hadi siku wale wa mkopo wa apu wanakupigia ukiwa raundabaut na huwezi kuwakata.

Mvua pia. Angalia kaa boksi ina alama ya IP67 ama karibu na hiyo, alafu usiamini sana, beba kakaratasi ka nailoni. Betri: kazi yako ni masaa kumi na zaidi, zao kwa boksi ni masaa ya kuskiza ngoma kwa sauti ya chini. Chaja yake isiwe ile kali ya simu mpya, juu hivi vitu vidogo vinataka umeme wa pole. Na kipande cha nje kiwe kinatoka kwa urahisi. Ukiacha helmeti juu ya kioo cha nduthi hapo Toi ukaingia kuchagua viatu, utarudi ukute helmeti na shimo mbili za kumbukumbu.

Dukani lazima ujaribu na helmeti yako mwenyewe kichwani, dakika kumi, sio dakika moja. Spika ikigusa sikio kidogo tu, baada ya saa moja utakuwa unasikia uchungu na utaitupa. Na isogeze hadi iwe inatazamana na tundu la sikio sawasawa. Watu wengi wanasema "hii spika haina sauti" na shida ni sentimita mbili tu.

Sauti inatupeleka kwa masikio. Taasisi ya Marekani ya afya kazini, NIOSH, inasema desibeli 85 unaweza kukaa nayo masaa manane kwa siku. Kila desibeli tatu zikiongezeka, muda unagawanywa mara mbili: 88 ni masaa manne, 91 ni mawili, 94 ni saa moja. Dere wa boda ana injini chini ya tumbo, upepo, honi za nganya, na watu wa injili na spika zao pale steji. Ukiongeza ngoma ndio ishinde hizo kelele zote, unafungulia hadi mwisho kwa masaa kumi. Sikio haliumi likiharibika. Linazima pole pole, na unaanza kuuliza "ati?" ukiwa na miaka thelathini. Kwa maoni yangu ngoma ibaki steji ukingoja kastama. Barabarani iwe sauti ya ramani na simu fupi, na spika moja tu, ya upande wa ukuta wa barabara, sikio la upande wa magari libaki wazi. Wenye nduthi za stima wana bahati hapo. Tangu Uber ilete zake za stima Nairobi Agosti 2023, na kampuni kaa Roam na Spiro kujaza barabara, kuna madere wanaendesha chombo hakina kelele, na hawahitaji kufungulia sauti ndio waskie.

Sasa kitu muuzaji wa Luthuli hatakuambia. Shirika la Afya Duniani linasema dereva anayetumia simu ana uwezekano mara nne zaidi wa kupata ajali, na kwamba simu isiyoshikwa mkononi si salama sana kuliko ya kushikwa. Soma hiyo tena. Spika inarudisha mkono wako na inarudisha kamba ya kidevu, na hizo ni vitu kubwa. Akili hairudishi. Ukibishana na kastama kuhusu soo mbili za mafuta ukiwa umekaza handle na lori ya mchanga iko mbele, macho yako yanaona lori lakini wewe hauko hapo.

So spika ni ya maneno manne: "Niko njiani, dakika mbili." Kaa kastama anataka stori ndefu ya kuelekezwa, unaingia kando, unasimama, unaongea. Najua kusimama ni pesa. Msee analipa mwenye nduthi kila jioni ama analipa mkopo wa kila siku, mafuta imepanda, na kila dakika ameegesha kuna mwenzake anabeba. Hapo ndipo naona watu wa kuulizwa si madere peke yao. Apu inajua dere anasonga, juu inamfuata kwa GPS kila sekunde. Inaweza kumwambia kastama "dere wako anaendesha, atakupigia akisimama" na kuzuia simu hadi asimame. Inaweza kuruhusu pini ya Laini Saba iwekwe kwa jina ambalo watu wa huko wanatumia, choo ya fulani, kanisa ya fulani. Teknolojia iko, wanaitumia kuhesabu asilimia yao hadi senti ya mwisho.

Na kastama, wewe unayesoma hii ukingoja nduthi: umeona kwa simu yako ile alama ndogo ya pikipiki ikisonga Mbagathi. Inasonga. Wacha kumpigia, mtumie ujumbe wa jina la kanisa lililo karibu na wewe, alafu simama mahali anaweza kukuona.